Limiti swichi kupitia mtandao: piga hesabu ya milimita kwanza

Hapa Mombasa, kwenye maghala ya Shimanzi na viwanda vya Changamwe hadi Miritini, mashine nyingi zinazotembea juu ya reli bado zinaburuta kebo nene yenye nyaya ishirini na zaidi, na sehemu kubwa ya nyaya hizo inakwenda kwenye limiti swichi tu, yaani swichi zinazoguswa mashine inapokaribia mwisho wa njia yake. Kebo inajikunja na kunyooka kila safari. Nyuzi za shaba zinakatika ndani ya plastiki bila dalili yoyote nje, fundi anahamia kwenye waya wa akiba, na akiba nayo ina mwisho. Ndiyo maana wazo la kufunga moduli ya inputi (kifaa kinachokusanya ishara za swichi) kwenye mashine yenyewe na kurudisha habari kwenye paneli kwa kebo moja ya Ethernet linavutia: kebo hiyo moja, nyaya mbili za volti 24, basi.

Wazo ni zuri, kwa masharti. Sensa ya kuhesabu magunia ikichelewa, hesabu inakosea gunia moja. Limiti swichi ikichelewa, chuma kinagonga chuma. Kabla ya kununua moduli kuna maswali mawili yanayotaka majibu ya namba. La kwanza: tangu swichi iguswe mpaka mota ianze kupunguza mwendo, muda gani unapita? La pili: mtandao ukinyamaza, PLC (kompyuta inayoendesha mashine) inaona nini? Hili la pili husahaulika, na ndilo linalovunja mashine.

Tuchukue mashine moja na tukae nayo: toroli la kumwagia nafaka, linalotembea juu ya reli ndani ya ghala refu, kasi mita 0.8 kwa sekunde, na mdomo wa kumwagia unaogeuka kushoto na kulia. Kila mwisho wa reli una swichi tatu kwa mfuatano: ya kupunguza mwendo, ya kusimama, na ya mwisho kabisa kabla ya bafa, yaani kizuizi cha kupokea kishindo mwishoni mwa reli. Mdomo una mbili. Halafu kuna moja ya kuonyesha nyumbani, yaani sehemu ambayo PLC huanzia kuhesabu umbali.

Zipi ziende mtandaoni

Za kupunguza mwendo, za kusimama na za mdomo zinaweza kwenda kwenye moduli. Hizo ni sita.

Mbili za mwisho kabisa, hapana. Zile zinaunganishwa kwa waya, kwa mfuatano, mpaka kwenye relei ya usalama inayokata kontakta au inputi ya STO (ya kuikatia mota nguvu) ya draivu, kifaa kinachoendesha mota, bila kupita kwenye programu yoyote. Ziwe na kontakti zinazoachanishwa kwa nguvu ya kimakanika hata zikiungana kwa joto. Swichi za namna hiyo zina alama ya mshale ndani ya duara, kwa mujibu wa IEC 60947-5-1. Ukumbuke pia kwamba STO inaondoa nguvu ya mota tu, haisimamishi toroli. Bila breki inayojifunga stima ikikatika, toroli litaendelea kuteleza. Anayetaka hata hizi zipite mtandaoni anahitaji itifaki ya usalama kama PROFIsafe, CIP Safety au FSoE, pamoja na moduli na PLC zilizothibitishwa kwa kazi hiyo. Modbus TCP ya kawaida, itifaki ambayo PLC nyingi husomea moduli, haimo, hata iwe na kasi kiasi gani.

Swichi ya nyumbani nayo naiweka nje ya moduli, kwa sababu nyingine: usahihi. Mtandao ukitofautiana kwa ms 20 kati ya safari na safari, toroli likitafuta nyumbani kwa mm 100 kwa sekunde litapata alama yenye tofauti ya mm 2. Kwa nafaka, hakuna atakayelalamika. Kwa meza ya kukata mabati au mbao, kazi imeharibika. Waya wa swichi ya nyumbani uingie kwenye draivu yenyewe, na draivu imalizie kwa alama ya sifuri ya enkoda (kipima mzunguko cha mota), ile inayotokea mara moja kwa kila mzunguko.

Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji wa moduli hawalitaji: kama draivu imefungwa juu ya toroli, pengine moduli huihitaji kabisa. Draivu nyingi zina inputi zake za kikomo cha mbele na cha nyuma. Zile zinazofuata CiA 402, kiwango cha pamoja cha draivu, huonyesha hali hiyo kwenye anwani 60FDh: biti 0 ni kikomo cha upande hasi, biti 1 upande chanya, biti 2 nyumbani. Faida yake ni kwamba draivu inasimama yenyewe hata PLC ikiwa imelala, na mtandao unabaki na kazi ya kutoa taarifa. Kabla ya kuandika oda ya moduli, fungua kitabu cha draivu uhesabu inputi zilizobaki wazi. Moduli inapata nafasi yake pale draivu iko kwenye paneli ya chini na swichi ziko mita tisini mbali.

Kutoka milisekunde hadi milimita

Chukua hali mbaya kuliko zote, usichukue wastani. Swichi ya kimakanika inahitaji kama ms 5 mpaka kontakti itulie. Filta ya inputi ni ms 3 kwenye moduli nyingi. Moduli yenyewe, tuipe 2. PLC inauliza kila ms 20, kwa hiyo swichi ikiguswa mara tu baada ya swali kupita, itangoja 20 kamili. Skani ya PLC, yaani mzunguko mmoja wa programu yake, ni ms 10, nayo huhesabiwa mara mbili. Amri ya kusimama kwenda kwenye draivu kwa mtandao, 20 tena, na draivu kuanza kutii, 10. Jumla ni ms 80.

Kwa mita 0.8 kwa sekunde, ms 80 ni mm 64 za toroli kwenda mbele bila kujua lolote. Halafu rampu, yaani kupunguza mwendo polepole hadi kusimama: kwa kupunguza mita 0.5 kwa sekunde mraba, kasi mraba gawanya kwa mara mbili ya upunguzaji inakupa mm 640. Zote pamoja ni mm 704, na mtandao na ndugu zake wote hawafiki hata sehemu moja kwa kumi. Kwenye mashine nzito na za polepole, kelele zote kuhusu kasi ya itifaki hii na ile ni za bure. Rampu ndiyo inayokula umbali.

Lakini hiyo ni siku njema. Modbus TCP inapanda juu ya TCP, na paketi moja ikipotea, mfumo kama Linux hungoja angalau ms 200 kabla ya kuituma tena. Mtandao unaojibu kwa ms 4 siku nzima unaweza kuchukua 200 na zaidi kwa tukio moja, na hakuna anayekuahidi kwamba tukio hilo halitaangukia wakati toroli limegusa swichi. Sema tumeamua kwamba PLC ikikaa ms 300 bila habari mpya, itasimamisha mashine. Basi hesabu ya kweli ni ms 380, yaani mm 304, na ukiongeza rampu unafika mm 944.

Linganisha na mipangilio inayokuja na programu nyingi: kungoja jibu kwa ms 1000, majaribio matatu. Ni sekunde tatu, na kwa toroli letu ni mita 2.4 kabla hata rampu haijaanza. Namba hiyo imo kwenye mashine nyingi kwa sababu hakuna aliyeifungua.

Sasa vipimo vya reli vinatoka vyenyewe. Kutoka 0.8 kushuka hadi 0.2 kunataka mm 600 za rampu na mm 304 za kuchelewa, jumla mm 904. Weka swichi ya kupunguza mwendo mm 1200 kabla ya swichi ya kusimama. Kutoka 0.2 hadi kusimama ni mm 76 na mm 40, yaani 116. Swichi ya mwisho kabisa ikae mm 250 mbele yake. Hii ya mwisho hesabu yake ni ya kasi kamili, maana inafanya kazi siku ambayo nyingine zote zimeshindwa: kwa breki ya mita 1 kwa sekunde mraba na ms 50 za relei na breki kushika, ni mm 360. Bafa iwe mm 400 kutoka hapo au zaidi, na breki ipimwe toroli likiwa na mzigo.

Bamba la kugusia, kile kipande cha chuma kinachosukuma swichi, ndilo wengi hulikata fupi. Swichi ya kusimama ikishaguswa lazima ibaki imeguswa mpaka kwenye bafa. Bamba la mm 100 toroli litalipita, swichi itarudi hali ya kawaida, na PLC itaamini iko katikati ya reli na njia ni nyeupe. Kwa vipimo vyetu bamba la kusimama linataka mm 700, na la kupunguza mwendo mita 2. Bamba fupi lina ubaya mwingine pia: mm 30 kwa kasi ya 0.8 hupita kwa ms 37, na PLC inayouliza kila ms 50 inaweza isione kitu kabisa.

Mtandao ukinyamaza

Kila fundi anajua kwamba limiti swichi huunganishwa kwa kontakti ya NC, inayoshikana wakati haijaguswa na kuachana ikiguswa. Waya ukikatika, inputi inashuka hadi sifuri na mashine inasimama. Kwa waya wa moja kwa moja, kinga hiyo inatosha kwa sehemu kubwa.

Kwa moduli ya mtandao haitoshi. Kebo ya Ethernet ikichomoka, PLC nyingi zinazosoma Modbus hubaki na thamani ya mwisho iliyosomwa. Thamani ya mwisho ilikuwa 1, maana yake "salama, endelea". Toroli linakwenda mpaka mwisho wa reli huku skrini ikionyesha taa za kijani.

Itifaki nyingine za viwandani, PROFINET, EtherNet/IP na EtherCAT, zina njia za kutangaza kwamba data imekufa. PROFINET kwa kawaida huhesabu mizunguko mitatu iliyokosa data. EtherCAT ina kaunta inayosema kama kila kifaa kimejibu. Lakini biti hiyo haiingii yenyewe kwenye mantiki ya mwendo, ni lazima mwandishi wa programu aiweke. Kwenye Modbus, unajitengenezea.

Njia ninayoiamini ni mzunguko wa kurudi. Chagua moduli yenye angalau autoputi moja. Funga waya mfupi kutoka autoputi hiyo kwenda kwenye inputi iliyobaki ya moduli ileile. PLC inaandika 1 kwenye autoputi na kungoja inputi isome 1. Ikisoma, inaandika 0 na kungoja 0. Hivyo hivyo bila kukoma. Ikipita ms 300 bila jibu kugeuka, ruhusa ya kwenda mbele na ya kurudi nyuma zote zinaondolewa, na hazirudi mpaka mtu abonyeze kitufe. Waya huo wa sentimita kumi unapima kebo, swichi ya mtandao, moduli, na volti 24 zinazolisha autoputi hiyo kwa mpigo mmoja. Wengine hufunga inputi moja kwenye volti 24 moja kwa moja na kuiita biti ya uhai. Hiyo inaonyesha kwamba stima ilikuwapo wakati wa kusoma mara ya mwisho. Ikiganda kwenye 1, inadanganya sawa na zile nyingine.

Pima pia muda wa kila mzunguko wa kurudi na uhifadhi ule mrefu kuliko wote kwa kila saa. Ukiwa umezoea kuona ms 60 au 70 na wiki hii unaona 150, kuna konekta inaota kutu mahali, na umelijua kabla mashine haijasimama usiku meli ikiwa gatini.

Ruhusa za mwendo ziwe za upande mmoja mmoja. Swichi ya mbele ikiguswa, kwenda mbele kunakatazwa lakini kurudi kunaruhusiwa kwa mwendo mdogo. La sivyo mafundi watafunga waya wa kuruka swichi ili watoe toroli, na waya huo utasahaulika pale. Mpangilio huu una shimo moja. Mota ikipelekwa kusukwa upya na ikarudishwa na fezi mbili zimebadilishana, "mbele" ya PLC inakuwa nyuma ya kweli. Toroli linafika swichi ya nyuma, PLC inaona kikomo cha nyuma wakati inaenda "mbele", inakataza kurudi nyuma tu, na mwendo wa "mbele" unaendelea. Swichi za mwisho zenye waya wa moja kwa moja ndizo zitakazookoa. Ongeza mstari mmoja kwenye programu: ukiona kikomo cha nyuma kikiguswa wakati amri ni ya mbele, na toroli halikuanzia hapo, simamisha.

Chumvi, kontakti na milliampu tatu

Tatizo hili halimo kwenye vitabu vya moduli, lakini Mombasa linakuja lenyewe. Swichi za zamani zilikuwa zinabeba koili ya kontakta kwa volti 110 au 240, na cheche ndogo ya kila mara ilikuwa ikisafisha uso wa fedha wa kontakti. Ukiihamisha swichi hiyohiyo kwenye inputi ya volti 24 inayovuta mA 3, hakuna cha kusafisha. Hewa ya chumvi inaweka utando, na inputi inaanza kupepesa. Mashine inasimama katikati ya reli bila sababu, na watu wanalaumu mtandao.

Dawa ni mbili. Nunua swichi yenye kontakti za kupakwa dhahabu, au ongeza mkondo: rezista ya 2.2 kΩ, wati 1, kati ya inputi na volti 0. Inaongeza kama mA 11 kupitia kontakti, na yenyewe inatumia wati 0.26 tu, kwa hiyo haichemki. Usijaribu kuponya upepesaji kwa kuongeza filta hadi ms 50; utakuwa umerudi kwenye hesabu ya milimita na kuiharibu.

Sensa za kuhisi chuma bila kugusana (inductive) hazina shida hii na ningezichagua kwa swichi za kupunguza mwendo. Chukua za nyaya tatu, PNP (zinazotoa volti chanya), za NC. Zile za nyaya mbili hupitisha mkondo mdogo hata zikiwa zimezima. Inputi ya aina ya 3 kwa IEC 61131-2 huvumilia hadi mA 1.5, ya aina ya 1 huenda isivumilie.

Moduli ya kufungwa nje iwe ya IP67 (isiyoingiza vumbi wala maji) yenye konekta za M12, zile za duara za kukaza kwa skrubu. Kwenye M12 za sensa, pini 1 ni volti 24, pini 3 ni volti 0, pini 4 ni ishara. Ethernet ya megabiti 100 hutumia M12 ya kodi D. Tundu lisilotumika lazima lifungwe kifuniko chake, kwani tundu moja wazi linafuta IP67 ya moduli nzima. Glandi za chuma cha pua zinalipa gharama yake. Za shaba iliyopakwa nikeli zitaonyesha rangi ya kijani mapema, hasa upande unaopigwa na kusi. Kebo ziingie kutoka chini, zikiwa na kitanzi cha kudondoshea maji.

Ukifunga moduli ya kawaida ndani ya sanduku, RJ45 ndiyo itakayokusumbua. Kile kimkia cha plastiki kinavunjika kwa mtikisiko na plagi inakaa nusu ndani. Bana kebo sentimita kumi kabla ya plagi ili mtikisiko usiifikie.

Volti pia zinapotea njiani. Mita 90 kwenda na 90 kurudi kwa waya wa mm² 1.5 ni karibu ohmu 2.2, kwa ampea 1, volti 24 zinafika 21.8. Kwa mm² 0.75 zinafika 19.6, na moduli inayotaka angalau 20.4 itaanza kujizima na kujiwasha kila breki inapovuta. Ukikosa waya mnene, peleka volti 240 kwenye toroli na uweke pawa saplai ndogo hukohuko.

Anayebaki na RS-485, laini ya mawasiliano ya zamani, kwa sababu kebo ipo tayari apige hesabu yake. Kwa biti 9600 kwa sekunde, swali na jibu la kusoma inputi nane ni baiti 14, kama ms 16, na ukimya wa lazima kati ya ujumbe unaongeza ms 4 kila mara. Ni karibu ms 25 kwa moduli moja, 125 kwa tano. Panda hadi 115200 kama kebo inaruhusu, weka rezista za ohmu 120 kwenye ncha mbili tu, na usichanganye mita za umeme kwenye laini hiyo.

Kuhusu Ethernet: laini ya mashine iwe peke yake, bila kamera za ulinzi na bila kompyuta za ofisi. Anwani za IP ziwe za kudumu. Wi-Fi kwa swichi za kusimama, mimi hapana.

Kujaribu kabla ya kukabidhi

Toroli likiwa tupu, kwa kasi ndogo na mtu mmoja akiwa kwenye kitufe cha dharura, chomoa kebo ya Ethernet likiwa linatembea. Lazima lisimame ndani ya umbali uliouhesabu. Pima kwa futi, usikadirie. Rudisha kebo: lisiondoke lenyewe. Zima volti 24 za sensa huku moduli ikibaki hai. Chomoa swichi moja moja na uhakikishe PLC inaita jina sahihi. Washa PLC kebo ikiwa imechomolewa tangu mwanzo. Zima moduli ghafla na uiwashe. Moduli nyingine hukubali miunganisho michache tu ya TCP, na muunganisho wa zamani uliokufa unaweza kushikilia nafasi hadi dakika kadhaa. Laptopu ya fundi iliyoachwa wazi na programu ya majaribio inaweza kufanya hivyohivyo. Mwishoni, rudia yote kwa kasi kamili na mzigo.

Kwenye mlango wa paneli bandika karatasi yenye anwani ya IP ya moduli, muda wa kungoja, umbali wa kusimama uliopimwa na tarehe. Kabatini weka moduli ya akiba ya namba ileile, ikiwa imeshapewa anwani na kujaribiwa, maana moduli mpya kutoka dukani huja na anwani ya kiwandani au inangoja kugawiwa anwani na DHCP ambayo haipo, na ikifungwa saa nane usiku hakuna atakayekumbuka hilo.